Mahindi Yaliyolowa Mafuriko Hayafai Hata kwa Pombe



Baada ya mafuriko ya masika ya 2024, mama mmoja anayepika pombe alinisimamisha njiani, karibu na stesheni ya TAZARA. Alikuwa na magunia mawili ya mahindi yaliyokaa ndani ya maji siku tatu. Alikuwa ameyaanika na yalikwisha kukauka, lakini yalinuka uvundo, na punje nyingi zilikuwa na weusi kwenye kiini. Akaniuliza: "Bwana shamba, haya kwa ugali najua hayafai. Ila kwa pombe si yanafaa? Si yanachemshwa?"

Nilikuwa juu ya pikipiki, injini inawaka, nawahi kikao cha tathmini ya maafa. Nikamjibu: "Yaanike tena vizuri, mama, kisha uchambue yaliyooza uyatupe." Nikaondoka.

Jibu lile lilikuwa baya. Habari za sumukuvu nilifundishwa chuoni, lakini kichwani mwangu sumukuvu ilikuwa jambo la ugali na chakula cha kuku. Pombe sikuwahi kuifikiria. Usiku ule nilimsimulia mwenzangu wa idara ya afya, naye akaniuliza kama nimewahi kusikia habari za Chitima. Sikuwahi. Aliponisimulia, usingizi uliniruka. Kulipopambazuka nikarudi kwa yule mama, nikaomba Mungu asiwe ameshaloweka.

Chitima ni mji mdogo katika mkoa wa Tete, Msumbiji, wilaya ya Cahora Bassa, si mbali na mto Zambezi. Tarehe 9 Januari 2015 watu walikusanyika kwenye msiba. Palikuwa na pombe ya mahindi, na wenzetu wa kule nao huiita pombe, jina hilo hilo. Walioinywa asubuhi hawakudhurika. Walioinywa mchana ndio walioanza kutapika, kuumwa tumbo, kuishiwa nguvu na kuzimia. Zaidi ya watu 230 waliugua na 75 walikufa. Mama aliyeipika naye alikufa. Serikali ya Msumbiji ilitangaza siku 3 za maombolezo ya taifa.

Jambo la kwanza lililosemwa ni nyongo ya mamba. Hapo ninyi wa bonde hili hamhitaji maelezo, maana mto wetu nao una mamba na maneno ya nyongo yake tumeyasikia tangu utotoni. Watu waliamini kwamba kuna mtu mbaya aliyeitia kwenye pombe. Habari ilienea duniani hivyo, magazeti ya Ulaya na Marekani yakaandika nyongo ya mamba.

Wachunguzi wa Msumbiji, wakisaidiwa na maabara za Marekani, walipima pombe na unga. Hawakukuta nyongo. Walikuta sumu iitwayo asidi ya bongkreki, inayotengenezwa na bakteria aitwaye Burkholderia gladioli. Bakteria huyo huishi kwenye udongo na kwenye mimea. Akipata chakula chenye wanga au mafuta, kikiwa na unyevu na joto, huzaliana na kutoa sumu. Sumu hiyo haina rangi wala harufu ya kumwonya mnywaji, haiishi kwa kuchemshwa, na haina dawa ya kuiondoa mwilini. Na ule unga wa Chitima? Ulikuwa unga wa mahindi ulioharibiwa na mafuriko. Ulionekana haufai kwa chakula, ndipo ukaenda kwenye pombe.

Hapo ndipo nilipomwona yule mama wa stesheni, na pikipiki yangu inavyowaka.

Jina bongkreki limetoka Indonesia. Katika kisiwa cha Java watu walikuwa na chakula cha bei nafuu kilichotengenezwa kwa machicha ya nazi yaliyovundikwa, kiitwacho tempe bongkrek. Kiliua watu mara kwa mara, na wataalamu wa Kiholanzi waliitambua sumu yake katika miaka ya 1930. Serikali ya Indonesia ilikipiga marufuku mwaka 1988. Chakula kile kilipendwa na maskini kwa sababu kilitokana na kitu ambacho vinginevyo kingetupwa. Shikeni neno hilo.

Sasa twende kwenye historia yetu wenyewe, maana wapo watakaosema: "Mbona bibi zetu walipika ugimbi miaka yote na hawakuua mtu?" Swali ni zuri. Nadhani sehemu ya jibu imo kwenye kimea.

Mwaka 1857 Mwingereza Richard Burton alitoka pwani kwenda Tabora na Ujiji. Njiani alipita Zungomero, ambayo leo imo ndani ya mkoa wetu huu wa Morogoro. Katika kitabu alichochapisha mwaka 1860 alieleza jinsi pombe ilivyopikwa, akasema utaratibu ni ule ule kila mahali. Nusu ya nafaka, mtama au ulezi au vyote pamoja, hulowekwa au kufukiwa mpaka iote. Hutwangwa, huchanganywa na nusu nyingine iliyosagwa unga, pengine na asali kidogo. Huchemshwa mara mbili au tatu kwenye vyungu vikubwa, huchujwa, huachwa ichachuke. Alisema pia kwamba baada ya siku ya tatu inakuwa kali kama siki, na hapo nadhani alikuwa mgeni asiyejua kupenda kilicho chema.

Angalia hiyo nusu. Nusu ya nafaka yote ilikuwa kimea. Na kimea hakidanganyiki. Punje iliyokufa haioti. Punje iliyokaa majini siku tatu bila hewa, iliyoliwa na fukusi hadi kiini, au iliyoshikwa na ukungu mpaka ndani, kwa kawaida haioti. Mpika pombe wa zamani hakuwa na maabara, lakini kila alipofunua majani ya mgomba kutazama kama ulezi umetoa mizizi, alikuwa anaipima nafaka yake. Ikikataa kuota, pombe ile haikuwapo. Kipimo hicho hakioni kila sumu, sitaki mtu ajidanganye, maana hata nafaka hai inaweza kuwa na sumukuvu. Lakini gunia la mafuriko lisingepita.

Tena nafaka zenyewe zilikuwa za namna nyingine. Ulezi ni punje ndogo na ngumu, hauliwi ovyo na wadudu, hukaa ghalani miaka bila kuharibika. Mahindi yalitoka Amerika, yakaletwa katika pwani yetu na Wareno kuanzia karne ya 16, kisha yakaingia bara taratibu. Hindi ni punje kubwa, laini kwenye kiini, na katika unyevu wa bonde letu hushikwa na ukungu kama lililoalikwa.

Mahindi yalipoingia kwenye pombe hayakuingia kwa mlango wa kimea. Ukitaka kimea kizuri mpaka leo unatafuta ulezi, na wauzaji wa gulioni wanalijua hilo, ndiyo maana bei yake iko pale ilipo. Mahindi yaliingia kwa mlango wa unga, ile nusu ya pili. Na unga hauulizwi kama uko hai. Unalowekwa siku kadhaa uchachuke, unakaangwa au unapikwa uji, kisha unatiwa kimea. Ndipo kipimo cha zamani kilipopotea, kwa nusu ya pombe na baadaye kwa zaidi ya nusu, maana kadiri kimea kilivyopanda bei ndivyo kilivyopunguzwa chunguni.

Kuna na suala la fedha. Pombe ya zamani ilikuwa ya kualikana shambani, ya harusi, ya matambiko. Aliyeipika aliinywa pamoja na wageni wake, na nafaka mbovu ingekuwa aibu yake mwenyewe. Waingereza walipotawala, mijini yaliwekwa masoko na vilabu vya pombe ambako akina mama waliuza chini ya usimamizi na serikali ikapata mapato yake. Kwetu huku kiwanda cha sukari cha Kilombero kilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, kikaleta watu wenye mshahara wa mwezi. Kisha reli ya TAZARA ikajengwa kati ya 1970 na 1975, ikapita hapa hapa Mbingu, na kilichozalishwa kikapata njia ya kusafiri. Pombe ikawa biashara. Siilaumu biashara hiyo. Ada za shule ngapi katika kata hii zimetoka kwenye chungu! Lakini biashara ina hesabu, na hesabu ya kwanza ya mpika pombe ni hii: mahindi mazuri nitayauza kwa mwenye lori, yaliyobaki ndiyo ya pombe. Yaliyobaki.

Msidhani hesabu hiyo ni ya Waafrika peke yao. Uingereza, mwaka 1880, sheria ya kodi ya bia ilibadilishwa. Zamani kodi ilitozwa kwenye kimea, sasa ikatozwa kwenye bia yenyewe, hivyo watengenezaji wakaruhusiwa kupunguza kimea na kutumia sukari ya bei nafuu. Mwaka 1900 watu wa Manchester na miji jirani wakaanza kufa ganzi miguuni, ngozi kubadilika rangi, wengine kushindwa kutembea. Madaktari wakasema ni ulevi tu, wamekunywa mno. Daktari mmoja, Ernest Reynolds, akashangaa: mbona wanywaji wa pombe kali hawaugui hivi, wanaugua wanywaji wa bia? Akaipima bia akakuta aseniki, sumu ya panya. Ilitoka kwenye sukari, ambayo ilitengenezwa kwa tindikali chafu. Watu wapatao 6,000 waliugua na kama 70 wakafa. Wale walisingizia ulevi, Chitima walisingizia mamba. Kote kuwili kosa lilikuwa kwenye kitu rahisi kilichoshika nafasi ya nafaka nzuri.

Nalisema hili kwa sababu naulizwa sana: "Pombe yangu haikolei, inabaki uji, nitie sukari?" Kabla ya sukari, tazama kimea chako. Kimea kina vimeng'enya vinavyogeuza wanga wa unga kuwa sukari, na chachu hula sukari hiyo ikatoa kileo. Kimea kikiwa kimekaa sana, kimekaushwa kwa moto mkali, au kimetoka kwenye ulezi uliokufa, hakuna kazi itakayofanyika. Kosa jingine ni kutia kimea kwenye uji wa moto sana. Vimeng'enya hufa, na chachu iliyomo hufa navyo. Acha uji upoe mpaka uweze kuingiza mkono na kuuacha humo bila kuutoa mbio, ndipo utie.

Kimea chenyewe kikitoa manyoya ya ukungu, yawe ya kijani, meusi au ya njano, kitupe. Usikianike tena ukadhani umekitibu, kwa sababu jua hukausha ukungu lakini sumu yake hubaki. Kuota nako kusiendeshwe ndani ya gunia lililofungwa kabisa. Weka tabaka jembamba, funika kwa majani safi, geuza asubuhi na jioni, nyunyiza maji ya kisima kizuri. Anika juu ya mkeka au turubai, si chini kwenye vumbi, maana huko udongoni ndiko anakoishi yule bakteria wa Chitima. Na madumu yaliyokuwa na dawa za shamba hayageuki kuwa vyombo vya pombe hata ukiyaosha kwa majivu mwaka mzima.

Turudi kwenye sumukuvu, kwa sababu hii hutupata zaidi kuliko ile ya Chitima. Sumukuvu iligunduliwa baada ya bata mzinga zaidi ya 100,000 kufa huko Uingereza mwaka 1960 kwa kulishwa mashudu ya karanga yaliyokuwa na ukungu. Mwaka 2004 iliua watu 125 katika wilaya za mashariki mwa Kenya, waliokula mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Mwaka 2016 ikafika kwetu, mikoa ya Dodoma na Manyara, wakaugua watu 68 na wakafa 20. Hao walikufa haraka. Anayekula au kunywa kidogo kidogo kwa miaka haanguki siku hiyo, ila sumu hii huharibu ini na huleta saratani yake. Kuchemsha hakuiondoi yote, wala kuchacha hakuiondoi yote. Mnywaji wa kila siku ambaye ini lake tayari limechoshwa na kileo ndiye anayeongezewa na hii.

Kwa hiyo kabla ya kuloweka, kuna vipimo vya nyumbani visivyo na gharama.

Cha kwanza ni unyevu. Chukua chupa kavu ya kioo, tia chumvi kavu kiasi cha kufunika kitako, jaza mahindi hadi karibu nusu, funga, tikisa kwa nguvu kama dakika moja, kisha iache itulie. Chumvi ikishika ukutani mwa chupa, mahindi bado mabichi. Ikianguka yote chini, yamekauka vya kutosha kuhifadhi. Mahindi mabichi usiyatie kwenye mifuko ya kinga njaa isiyopitisha hewa, yataota ukungu humo humo, kisha utaulaumu mfuko.

Cha pili ni kuota, na hiki ndicho kile cha bibi. Hesabu punje 100 bila kuchagua nzuri, zifunge kwenye kitambaa chenye maji, zitazame baada ya siku tatu hadi tano. Kwangu mimi, nafaka ya kimea ikiota chini ya punje 80, siitaki. Viwanda vya bia ni wakali kuliko mimi, shayiri isiyoota huwa hawaipokei kabisa. Nashauri upime hivyo hata mahindi ya unga, ijapokuwa hutayaotesha. Gunia ambalo karibu lote limekufa limekufa kwa sababu fulani, jiulize ni ipi.

Cha tatu ni macho na pua. Punje yenye weusi kwenye kiini, yenye unga wa kijani au waridi, nyepesi kupita kiasi, au inayonuka uvundo, itoke. Zikiwa chache, chambua. Zikiwa nyingi, au kama gunia lilizama kwenye maji ya mafuriko, usichambue, achana na gunia zima. Na usiwape kuku wala nguruwe. Ng'ombe wa maziwa akila mahindi yenye sumukuvu, sehemu yake hutokea kwenye maziwa ya mtoto wako. Chimba shimo mbali na kisima, mwaga, fukia.

Sheria nayo tusiipite. Pombe ya kienyeji ya kuuza inataka leseni, kwa Sheria ya Vileo ya mwaka 1968, na leseni hiyo hupatikana halmashauri. Gongo ni jambo jingine kabisa, kuitengeneza kienyeji kumekatazwa na sheria ya 1966, na mimi siifundishi. Walio chini ya miaka 18 hawauziwi chochote.

Yule mama nilimkuta uani, akipepeta. Gunia moja lilikuwa bado limefungwa, la pili alikuwa ameshalisaga nusu, unga uko kwenye beseni, maji yako jikoni. Nilimweleza Chitima yote, pamoja na nyongo ya mamba. Alinyamaza, kisha akasema maneno ambayo sikuwa na jibu lake: "Mlituambia mafuriko yanakuja, tukahama na watoto. Mahindi ningeyahamisha na nani?" Mtu aliyepoteza nyumba na mpunga, namwambia amwage na magunia mawili ya mwisho. Mimi nina mshahara.

Alimwaga. Tulichimba shimo pamoja na mwanawe, nyuma ya migomba. Nilimwombea mbegu ya mahindi kwenye msaada uliokuja baadaye na akapata, ingawa kidogo. Mwezi uliofuata alinunua debe moja la ulezi kwa mkopo wa kikundi chao, akaotesha, akapika chungu kidogo. Sasa kila akinunua nafaka kwa mtu asiyemjua, anachukua punje mia kwanza, anarudi nazo nyumbani, ndipo anakwenda kulipa. Wauzaji wawili wamemkasirikia. Wa tatu ameanza kuleta mwenyewe punje zilizokwisha kuota, kwenye kitambaa, kama ushahidi.

Mwenye gunia lililolowa na hajui afanye nalo nini, asiloweke kwanza. Aje nalo, au aje na bakuli moja tu la mahindi yake, ofisi ya kata siku ya Jumatano asubuhi. Chupa na chumvi ninazo.